Nilikwenda kutafuta namba ya duka, nikakuta mizani

Juu ya mlango wa depo yetu, yaani duka letu, katika komini ya Kenya (sehemu ya mji wa Lubumbashi, Kongo, si Kenya ile ya Nairobi), kuna ubao ambao nimeukuta tangu nizaliwe. Una jina la duka, na chini yake, kwa herufi ndogo, N.R.C. na namba, kisha Id. Nat. na namba nyingine. Rangi ikichakaa tunamwita mchoraji, naye anapaka juu ya alama zile zile. Hakuna aliyewahi kuuliza namba zile zina kazi gani. Zilikuwa kama chale za ukoo: umezikuta, nawe utaziacha.

Mwaka 2014 ndipo namba zilipoanza kutusumbua. Kongo ilikuwa imeingia OHADA, ule umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, tarehe 12 Septemba 2012. Rejista ya zamani ya biashara, hiyo N.R.C., ikawa inaachia nafasi nyingine inayoitwa RCCM, na makampuni yalipewa miaka miwili kunyoosha karatasi zao. Mimi sina kampuni. Nina depo ya unga wa mahindi, chumvi, kapenta na samaki kavu wa Kasenga. Lakini uvumi wa sokoni haubagui mkubwa na mdogo, na ulisema kwamba mwenye namba ya zamani atafungiwa mlango.

Wakati huo huo binamu yangu, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa amefungua depo yake kule Ruashi na kuipa jina lile lile la duka la babu. Ni jina la mto. Silitaji hapa kwa sababu jambo lenyewe bado halijapoa. Kila mmoja wetu alitaka jina liandikwe kwake kwanza, na kila mmoja aliapa kwamba lilikuwa la babu, aliyelinunua pamoja na duka kutoka kwa Mgiriki mmoja. Hiyo ndiyo hadithi tuliyokua nayo: babu alikuwa boi wa dereva kwenye lori la samaki, akaweka akiba, Mgiriki alipochoka na joto akamuuzia.

"Enda kwa tribinali," mama aliniambia. "Karatasi ya babu yako iko kule."

Mama hakukosea. Kwetu rejista ya biashara haikuwekwa kwa meya wala benki. Ilikaa kwenye grefe, ofisi ya makarani wa mahakama. Dekreti ya tarehe 6 Machi 1951, enzi za Wabelgiji, ndiyo iliyoianzisha, ikapita uhuru, ikapita Zaire, ikafika mpaka OHADA. Mfanyabiashara alijaza fomu, karani akampa namba, dosie, yaani jalada lake, ikafungwa kamba na kupandishwa rafuni. Mahakama za biashara zenyewe ni mambo ya juzi, kwa sheria ya tarehe 3 Julai 2001. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa kwenye mahakama za kawaida. Kwa hiyo dosie moja inaweza kuwa imehama nyumba, na yeyote aliyewahi kuhama nyumba na kigari cha kusukuma anajua ni vitu gani vinabaki njiani.

Siku ya kwanza nilivaa kikwembe kizuri, kana kwamba naenda kutoa posa. Nilipokelewa na grefiye mmoja, karani wa mahakama, mzee, miwani yake imefungwa waya upande mmoja.

"Mama, unatafuta nani?"

"Natafuta babu yangu, papa."

"Iko muzima?"

"Alikufa mwaka 1987."

Alivua miwani akaifuta. "Sheria mpya inasema mfanyabiashara akifa, warithi wana miezi mitatu kuja kumfuta kwenye rejista, au kuandika jina la anayeendelea na kazi yake." Akahesabu kwa vidole, akaacha. "Ninyi mumekawia kidogo."

Nilimpenda tangu pale.

Wiki tatu nilirudi, na wiki tatu babu hakuonekana. Nilikuwa nimeleta jina lililo kwenye kaburi lake. Tulipekua daftari la majina herufi kwa herufi, halafu kwa namba ya ubao, halafu kwa mtaa. Hakuna kitu. Binamu yangu aliposikia alicheka: pengine babu hakuandikishwa kamwe, pengine namba ilibuniwa na mchoraji. Hata mimi nilianza kuamini hivyo.

Kosa lilikuwa langu, na ningependa kila anayetafuta wazee wake kwenye karatasi za nchi hii alisikie. Mwanzoni mwa 1972 Mobutu alitaka Wazaire waache majina ya ubatizo. Babu, ambaye mwaka 1957 alikuwa Petro wa kanisani na jina la baba yake, alichagua jina la babu yake mzaa baba, na kwa jina hilo ndilo alizikwa. Karani wa 1957 hakuwa nabii. Nilipomuuliza mama mkubwa, binti wa kwanza wa babu, alishangaa kwamba sikujua. "Petro! Nani hakumjua Petro wa samaki?" Mimi. Mimi sikumjua.

Na mji wenyewe ulikuwa umejificha vile vile. Kwenye karatasi za zamani Lubumbashi haipo mpaka 1966, iko Elisabethville. Kamalondo haipo, iko Albert. Katanga ikawa Shaba, ikarudi kuwa Katanga mwaka 1997, na tangu 2015 jimbo limekatwa vipande vinne na sisi tuko Haut-Katanga. Ukiingia ghala la karatasi na majina ya leo ni kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo wapangaji wamebadilika mara tatu.

Ghala lenyewe lilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja. Dosie zilipangwa hadi dari, na zilizokuwa chini kabisa zilikuwa zimekutana na mchwa. Hapa niseme neno la pembeni. Katanga ni nchi ya vichuguu, vingine vinazidi nyumba kwa urefu, na matofali mengi ya mji huu yalichomwa kutokana na udongo wake. Kwa hiyo mchwa ndiye fundi wetu wa kuta, na mchwa huyo huyo ndiye msomaji wetu mkuu wa kumbukumbu. Anaanza pembeni, anakula ukingo, anaacha katikati. Mzee alinifundisha kutofungua kamba kwa kuvuta, kutolowesha kidole kwa mate, na kutopiga picha kabla ya kuomba. Fotokopi yenye muhuri unalipia benki na kurudi na risiti. Hayo nilijifunza haraka.

Petro nilimpata siku ya Alhamisi. Kadi moja ngumu, rangi ya chai ya maziwa, imejazwa kwa wino wa zambarau. Elisabethville, 1957. Aina ya biashara: samaki kavu na unga, rejareja. Makazi: Albert. Ndoa: ya kimila. Sahihi yake iko chini, na nilikaa nayo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mkono wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Herufi P imepigwa mara mbili kwa sababu ya kwanza haikumridhisha.

Kasenga iko mbali na hapa zaidi ya kilomita 200, kwenye mto Luapula, na miaka ile Wagiriki ndio walioshika biashara ya samaki kule. Mji huu ulikuwa na midomo mingi ya kulisha, kwa kuwa Union Minière, kampuni kubwa ya madini, iliwapa wafanyakazi wake posho ya chakula, na samaki walikuwa ndani ya posho hiyo. Mtu mwenye gunia mbili za samaki na mahali pa kukaa angeweza kuishi pembeni ya biashara hiyo kubwa. Karatasi za Union Minière ziko Brussels, kwenye hifadhi ya taifa ya Ubelgiji, mita kwa mita za rafu, na kuna daftari linalokuonyesha kila sanduku. Ya Petro ilikuwa kadi moja. Sikulalamika. Ilikuwa kadi moja zaidi ya tuliyokuwa nayo nyumbani.

Jina la duka halikuwemo. Nafasi ya jina kwenye kadi ilikuwa wazi. Nyuma yake, kwa mkono mwingine na wino mweusi, karani wa baadaye alikuwa ameandika: tazama R.C., na namba.

Nilirukaruka. R.C. ni rejista ya biashara, nikamwambia mzee, ina maana babu alikuwa na namba ya pili, duka la pili, ndilo lenye jina! Mzee alitazama kadi, akanitazama mimi.

"Hapana, mama. R.C. moja ni registre de commerce. R.C. ingine ni rôle civil, daftari la kesi za madai. Hii ni ya pili." Akashusha sauti, kama daktari. "Babu yako alishitakiwa."

Nilitaka kuacha pale pale. Nilikuwa na kadi, nilikuwa na mwaka 1957, binamu yangu hakuwa na kitu. Lakini mtu akishakuambia kwamba babu yako alishitakiwa, huwezi kurudi nyumbani ukapika bukari kana kwamba hujasikia.

Kwenye benchi la kungojea nilikuwa nimezoeana na kijana mmoja wa chuo kikuu, mwanafunzi wa historia, aliyekuwa akiandika juu ya maduka ya Kamalondo. Nilipomweleza aibu yangu alifurahi mpaka nikakasirika. Kesi, alisema, ndiyo bahati. Rejista inakupa jina na tarehe tu. Kesi inakuletea duka zima, kwa sababu wanaogombana wanabeba vitabu vyao mpaka kwa jaji kuthibitisha nani ana deni. Akaniambia kwamba London kuna masanduku ya vitabu vya hesabu na barua za wafanyabiashara zilizopelekwa katika mahakama ya Chancery kama ushahidi karne zilizopita. Kesi zikafifia, hakuna aliyerudi kuzichukua, na leo ziko National Archives. Duka lililoishi kwa amani na wadeni wake halikuacha kitu. Lililogombana limebaki.

Nimelifikiria sana neno lile, na ninaona lina pande mbili. Miaka 30 babu aliuza, na siku nyingi za miaka hiyo zilikuwa nzuri: watu walilipa, samaki hawakuoza, watoto walikula. Siku hizo hazimo mahakamani. Zilizomo ni zile tatu au nne alizogombana. Mtu asiyemjua akisoma dosie atadhani Petro alikuwa mtu wa ugomvi.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa mdogo, wa wakati wa secession, Katanga ilipojitenga na Kongo, deni la magunia ya unga. Nilipoona kiasi nilishtuka: maelfu ya faranga! Halafu kwenye karatasi za miaka ya 1970 nikaona anadaiwa zaire chache tu, nikadhani alikuwa ameshakuwa maskini. Kijana wa chuo ndiye aliyenitoa matongotongo. Deni la kwanza lilikuwa katika faranga za Katanga, zile zilizotolewa mwaka 1961 Tshombe, kiongozi wa Katanga hiyo, alipokuwa na benki yake. Tarehe 23 Juni 1967 ikaja zaire, na zaire moja ilichukua nafasi ya faranga 1,000. Zaire ile ilikuwa dola mbili za Marekani. Basi zile "zaire chache" nazo zilikuwa maelfu ya faranga. Mimi ninayeuza unga, niliyeshika nouveau zaire kwa viroba na nikaona mwaka 1998 nouveau zaire 100,000 zikigeuka faranga moja, nilipaswa kujua bila kuambiwa. Lakini jicho linadanganywa na sufuri.

Ugomvi wa pili ndio ulioandikwa nyuma ya kadi. Mwaka 1975. Dosie nene, kamba imekatika, ukurasa wa kwanza umeliwa nusu. Mfanyabiashara wa jumla anadai malipo ya sukari na vitambaa alivyopeleka kwa mkopo katika duka fulani mwezi Oktoba 1973. Jina la duka lipo, limepigwa taipu kwa herufi kubwa: ni jina la mto. Mwenye duka wakati sukari inafika: Mgiriki. Mwenye duka wakati kesi inafunguliwa: babu. Na mbele ya jina la babu kuna neno moja la Kifaransa ambalo watu wa umri wa mama hulitamka kwa kukaza meno: acquéreur.

Msomaji wa nje huenda halijui. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Tuliita zairianizasio. Waliopewa ndio hao, akerere. Wengine walikuwa wakubwa wa chama waliopata maduka kumi kwa siku moja wakala bidhaa zilizokuwa rafuni, na rafu zilipobaki tupu wakafunga. Wengine walikuwa watu wadogo waliokuwa tayari nyuma ya kaunta. Mwaka 1976 serikali ikarudi nyuma, wageni wakaitwa warudi kuchukua sehemu ya mali yao. Wengi hawakurudi.

Kwa hiyo hakununua. Alipewa. Nilisoma mara ya pili, ya tatu. Akiba ya boi wa dereva haikuwemo, uchovu wa Mgiriki haukuwemo.

Ndani ya dosie, kama ushahidi namba nne, kulikuwa na orodha ya vitu vilivyokuwa dukani siku ya kukabidhiana, Desemba 1973. Kurasa sita. Ukurasa wa tatu kalamu iliisha, buluu inageuka kijani katikati ya mstari wa sabuni. Sukari, mifuko 31. Chumvi, mifuko 18. Wax, vipande 44. Sardini, makopo 212. Vioo vya taa, tisa, na mbele yake: kimoja kimepasuka. Niliwaza ni nani kati yao wawili aliyesisitiza kioo kilichopasuka kiandikwe. Duka zima linabadilisha mwenyewe kwa amri ya redioni, na watu wawili wanasimama kuhesabu vioo vya taa. Mwisho wa kila ukurasa sahihi mbili ziko sambamba. P ya babu imepigwa mara moja tu, alikuwa ameshazoea.

Mstari wa mwisho wa ukurasa wa tano: mizani moja, ya kilo 200, mguu wa kushoto mbovu.

Nilimwomba mzee maji.

Kesi yenyewe haina mwisho. Imeahirishwa, imeahirishwa, wakili wa mdai hakuja, imeahirishwa. Hukumu haimo. Nilimuuliza mzee kama imepotea. Akasema zipo kesi zinazokufa zenyewe, watu wanakutana nje wanamalizana, hakuna anayerudi kuliambia daftari. Kijana wa chuo alikuwa na huzuni kuliko mimi. Yeye alitaka kujua kisheria deni la Mgiriki lilipaswa kulipwa na nani. Mimi nilitaka kujua kama babu alilala usingizi.

Kabla sijatoka niliomba kuona pia jina la mama, kwa kuwa ni yeye aliyeliendesha duka tangu babu alipofariki. Halikuwepo. Lilikuwepo la baba, mwaka 1989, mfanyabiashara wa unga na samaki. Baba yangu alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mpaka alipoondoka na wale zaidi ya 10,000 walioachishwa kazi mwaka 2003, na maisha yake yote sijamwona akipima meka moja ya unga. Lakini kwa Kanuni ya Familia ya 1987 mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mume, na mama aliona ni usumbufu kwenda kuomba karatasi ya ruhusa. Akamwandikisha mume mwenyewe. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016. Mama aliposikia nimeona jina la baba kwenye rejista alicheka mpaka akashika mlango. "Aliuza nini, uyu?"

Lakini kwanza nilikwenda kwa mama mkubwa, Katuba, na fotokopi zangu kwenye bahasha. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuanzia. Hayakuhitajika. Aliona ukurasa wenye wino wa kijani akasema, "Iyi bic ilikuwa yangu ya masomo."

Alikuwa na miaka 12. Walihesabu usiku, kwa taa, kwa sababu mchana Mgiriki hakutaka watu waone. Yeye ndiye aliyeshika taa. Mgiriki aliongea Swahili ya Kasenga, safi kuliko ya mapadri, na usiku ule aliongea kidogo sana. Walipofika kwenye vioo vya taa ni Mgiriki aliyesema andika kimepasuka, usije ukanidai.

"Lakini mama mkubwa, tuliambiwa alinunua."

"Nani aliwaambia?"

"Wote."

Alinyamaza, akakunja kikwembe chake magotini. Akasema kwamba baada ya 1976 neno akerere lilikuwa tusi, watoto walilirushiwa shuleni. Babu hakuwahi kusema alinunua. Alikuwa akisema "nilipata duka kwa Mgiriki", na sisi wenyewe, mdomo kwa mdomo, tukaligeuza kupata kuwa kununua. Kuhusu fedha, alijua kitu kimoja tu: miaka miwili mitatu babu alikuwa akituma bahasha kwa mtu wa safari, kwa Mgiriki, na siku moja bahasha ikarudi haijafunguliwa. Hilo haliko kwenye dosie yoyote. Sijui nilipe uzito gani, kwa kuwa ni binti anayemsemea baba yake, nami nimetoka kujifunza jinsi familia inavyosema. Nimeliandika tu pembeni, na kalamu nyingine.

"Na jina?" niliuliza. "Jina la mto?"

"La Mgiriki. Mto ulikuwa kwenye ubao wake tangu sijazaliwa. Nyinyi mulifikiri lilianguka toka mbinguni?"

Nilimpelekea binamu nakala ya ukurasa wenye jina la duka juu yake. Hakusema kitu siku mbili, halafu alinipigia simu na kuuliza kama kuna nakala ya sahihi ya babu, alitaka kuiweka kwenye fremu. Nikampa. Kwenye gishe ya RCCM, baada ya wiki tano za vumbi, dada mmoja aliniambia kwamba kwa mtu binafsi anayeanza kwa jina lake namba ya zamani haina ulazima. Kitambulisho, picha, anwani. Nilimaliza asubuhi moja. Herufi A, ya mtu binafsi, na kwa mara ya kwanza tangu 1957 anayeandikwa ni yule anayepima.

Mizani iko pale pale, kulia ukiingia. Tangu nikiwa mtoto kuna kipande cha tofali chini ya mguu wake wa kushoto, na kila anayefagia anajua kukirudisha. Jioni ile niliyotoka kwa mama mkubwa niliteremsha magunia, nikapiga magoti, nikakitoa. Mizani iliinama taratibu, sindano ikasogea kilo moja na nusu bila kitu juu yake. Mteja aliyekuwa mlangoni aliona.

"Mama, ni hivyo munatupimiaka?"

Nilirudisha tofali, nikamwambia alete mfuko wake.